Haki ya Kuokolewa

Mkinikuta njiani mkaniuliza nchi ya Shwari iko wapi, nitawaambia sijui, na mkinibana zaidi nitaapa kwamba wala haipo. Haipo, jamani. Lakini haki ya Mungu, kama kuna serikali duniani inayowapenda watu wake, basi ni ya huko. Inawapenda mpaka wanavunjika.

Mapenzi hayo yalianza na mwiba wa samaki. Bwana mmoja alikwamwa na mwiba kooni, akapelekwa hospitali kuu ya taifa, akakalishwa kwenye benchi la mapokezi siku mbili akimsubiri daktari arudi kutoka semina, akafia hapo hapo kwenye benchi. Tume ikaundwa. Tume haikuuliza habari za benchi wala za semina, kwa sababu huko kungekuwa ni kutafutana ubaya. Ilimpekua marehemu mifukoni ikamkuta na simu, na ndani ya simu ikaona kwamba dakika zake za mwisho alikuwa akiongea na dada yake kwa mtandao. Wajumbe wakatazamana. Kumbe ndicho kilichomuua!

Waziri wa Sauti, Mheshimiwa Daktari Gwasuma, alisimama bungeni na leso mkononi.

"Waheshimiwa," alisema, "simu ya waya ina waya. Ukiufuata waya, unamkuta mtu. Simu ya mtandao inaelea! Mtu anaongea yuko hewani, hana kitongoji, hana mtaa, hana balozi wa nyumba kumi. Akikwamwa na mwiba, tutamkwamulia wapi? Nauliza, ndugu zangu, tutamkwamulia wapi?"

Akalia dakika kumi na moja kwa saa ya Bunge. Wapo watakaowaambia kwamba Kampuni ya Waya ya Taifa ni mali ya shemeji yake. Ni kweli ni ya shemeji yake, lakini kulia alilia mwenyewe, hakuna shemeji aliyemsaidia.

Hivyo ndivyo ilivyopita Sheria ya Kumlinda Msemaji. Ilisema kila anayeongea kwa simu ya mtandao ana haki ya kuokolewa. Na kwa kuwa wananchi wa Shwari ni wavivu wa kudai haki zao, haki hiyo ikafanywa ya lazima. Ukibonyeza tu, kengele inalia kwenye Mamlaka ya Kumlinda Msemaji, na ndani ya dakika nne Kikosi cha Uokoaji kinakufikia na shoka, machela na virungu. Ilikatazwa pia kutumiana sauti zilizorekodiwa, kwa hoja kwamba sauti ya namna hiyo haina mwili, sasa mwokoaji amwokoe nani? Ujumbe wa maandishi uliruhusiwa, maana maandishi hayahemi.

Miezi ya mwanzo kikosi kilikuwa kikiwafuata watu majumbani. Kikavunja milango, kikavunja madirisha, pale Mtaa wa Kisima kikabomoa ukuta mzima kumwokoa bwana aliyekuwa akiwasalimu wakwe. Watu wakalalamika kuhusu milango. Serikali ya Shwari ni sikivu, nataka mlielewe hilo: ililisikia lalamiko, na ndani ya wiki mbili milango yote ya nchi ikawa salama. Uokoaji ukahamishiwa kwenye uwanja wa Mamlaka, ambako zilichimbiwa nguzo arobaini za chuma, kila moja na namba yake. Mtu akitaka kuongea anafungwa mnyororo kiunoni kwenye nguzo, ili asiwe anaelea.

Kulibaki tatizo moja dogo la kisheria. Kukiita kikosi cha uokoaji huku mwenyewe huna jeraha ni kosa la jinai, kifungo miaka saba. Na hawa wanaoongea na ndugu zao, kikosi kikifika, unawakuta wazima! Sasa mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mngewaacha wananchi wenzenu wakaozee gerezani? Waokoaji wa Shwari ni watu wenye huruma. Wakimkuta msemaji hana jeraha, wanampa.

*

Katika mji mkuu wa nchi hiyo kulikuwa na mama mmoja, Bi Siwatu, fundi wa magodoro ya sufi. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, mfupi, mikono imekomaa, mdomo mkali kuliko sindano zake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Zamda, na walikuwa hawajasikiana sauti miaka mitatu.

Walikosana siku Zamda alipoondoka kwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani. Bi Siwatu hakutaka. Alibembeleza, akanuna, akasusa kula, na alipoona begi limefikishwa mlangoni akasema lile neno ambalo mama hapaswi kulisema. "Ukivuka kizingiti hiki, Zamda, radhi zangu usizitafute." Zamda akavuka.

Jamani, neno likishatoka halina pa kurudia. Bi Siwatu alijuta kabla gari halijakata kona. Lakini mama huyo alikuwa na kiburi chake, akajiambia mtoto ndiye atakayeanza, na mtoto naye kiburi alikirithi hapo hapo nyumbani, na miaka ikaenda hivyo.

Jumatatu moja ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Bi Siwatu herufi hazijui sawasawa, akavuka uwanja kwenda kwa jirani yake, Mwalimu Chediel, mstaafu wa hesabu. Mwalimu alivaa miwani, akasoma kimya kwanza, akavua miwani.

"Kaa chini, Bi Siwatu."

"Nisomee nimesimama."

Akamsomea. Mama, nina uvimbe tumboni. Alhamisi saa nne asubuhi wananipasua. Daktari amesema presha yangu ikipanda hawatanigusa, na wasiponipasua wiki hii basi tena. Mama, siogopi kisu. Naogopa kuingia mule bila radhi zako. Nipigie niisikie kwa sauti yako. Mimi huku simu nimeazimwa na nesi, ni ya mtandao tu.

Bi Siwatu akakaa chini.

"Tumwandikie," Mwalimu akasema. "Nitakuandikia sasa hivi, maneno mazuri."

"Nilimwandikia mimi siku ile? Si nilimtamkia kwa kinywa hiki? Lilitoka mdomoni, Mwalimu, litarudishwa na mdomo. Mwanangu hawezi kupasuliwa na laana yangu ikiwa imemkalia kifuani."

"Simu ya waya, basi."

"Ya waya!" Bi Siwatu akacheka bila furaha. Laini ya nje ya Kampuni ya Waya ilikuwa moja tu, na mke wa Waziri alikuwa akiongea nayo tangu Pasaka.

Ikabaki nguzo.

*

Jumatano wakaenda wote wawili Mamlaka kujiandikisha. Mwalimu Chediel alikuwa mzoefu. Alikuwa ameshaokolewa mara nne, kwa ajili ya mjukuu aliyekuwa akisoma nje, na kila mjukuu alipofaulu mtihani babu alitoka na plasta ya gipsi. Mkono wa kushoto ulikuwa haunyooki tena. Lakini hesabu hazikumtoka kichwani, na njiani alimfundisha Bi Siwatu kanuni zote.

"Sikiliza sana. Kuna bwana anaitwa Lukindo, amevaa visikilizi masikioni, anaandika kila neno. Wewe ukisema kwenye simu kwamba unaumwa, una hali mbaya, basi unahesabika mgonjwa halali. Kikosi kikija kinakufunga bandeji, unasaini, unakwenda zako. Ukisema u mzima, umekiri kosa. Wanakupa jeraha moja. Ukirudia kusema u mzima, umerudia kosa. Jeraha la pili. Umenielewa?"

"Kwa hiyo nikiulizwa hujambo?"

"Unasema: nina hali mbaya, nakufa. Kila mtu siku hizi anasema hivyo. Unampigia mtu, Habari za huko? Mbaya, tunakufa. Na ninyi? Hata sisi hatutafika jioni. Halafu mnaongea yenu."

Bi Siwatu akasimama katikati ya njia. "Mwalimu, salamu ya namna gani hiyo? Mtu hata kama amelala kitandani mahututi, anaulizwa hali anajibu njema, ndipo anaanza kueleza kinachomsibu."

"Ndiyo hiyo njema inayovunja watu mbavu. Hapo uwanjani watu wa nguzo kumi wanaokolewa kwa kosa moja tu, la salamu. Ulimi umeshazoea."

Bwana Lukindo aliwapokea kwa adabu. Alikuwa mtu mwembamba mwenye suti iliyompwaya, na juu ya meza yake kulikuwa na kibao: TUMIA HAKI YAKO. Akajaza fomu, akauliza jina, umri, sababu ya kuongea.

"Kumpa mwanangu radhi."

"Radhi." Lukindo akaandika, kisha akainua kalamu. "Ni kifaa, mama, au ni bidhaa?"

"Una mama wewe?"

"Ninaye."

"Basi nenda kamuulize."

Lukindo akaona haya, akagonga muhuri. Halafu akasoma kwa sauti masharti, kama sheria ilivyomtaka: kwamba msemaji anapookolewa, viungo vyake vya mawasiliano, yaani mdomo na sikio la upande wa simu, havitaguswa, ili asinyimwe uhuru wa kutoa maoni. Na kwamba ni marufuku kwa mwokoaji kukata simu ya mtu aliye hatarini.

"Kila kitu kimefikiriwa," alisema.

*

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, Bi Siwatu alifungwa mnyororo kwenye nguzo namba kumi na saba. Mwalimu Chediel akaruhusiwa kusimama hatua sita nyuma ya kamba, kama ndugu wa msemaji.

Kwenye nguzo ya kumi na sita alikuwepo kinyozi mmoja, pande la mtu, anampigia kaka yake kuhusu mahari. Alikuwa amejiandaa vizuri, hata alikuja na kikaratasi kimeandikwa NAKUFA kwa herufi kubwa. Simu ikapokewa. Kaka yake akauliza, "Vipi?" na yule kinyozi, kabla hajakitazama kikaratasi, akasema, "Poa."

Mkono ukampanda mdomoni, lakini poa ilikuwa imeshatoka. Dakika ya nne lango likafunguliwa wakaingia waokoaji kumi na wawili, mbele yao Kamanda Mbwiga, mtu wa kifua kipana na sauti ya upole. "Pole sana, kaka," Kamanda akamwambia, "tumewahi." Wakamwokoa. Virungu vilishuka kwa zamu, bila haraka na bila chuki, na kinyozi akalia jina la kaka yake, na kaka yake kwenye simu akawa anauliza mahari iwe ng'ombe au taslimu. Bi Siwatu alisikia mbavu zikilia. Alikuwa hajawahi kujua kwamba mbavu zina mlio. Kinyozi alibebwa kwenye machela, na Bwana Lukindo akamfuata na fomu, akimuuliza huduma ameionaje: nzuri, nzuri sana, au hana la kusema. Kinyozi hakuwa na la kusema, na Lukindo akaweka alama hapo.

"Umeona?" Mwalimu akanong'ona. "Hali mbaya, nakufa. Rudia."

"Hali mbaya, nakufa," Bi Siwatu akarudia. "Hali mbaya, nakufa. Hali mbaya, nakufa."

Akabonyeza. Ofisini kengele ikalia, na Lukindo, aliyekaa kando ya nguzo na visikilizi vyake masikioni, akabonyeza saa yake.

Simu ikaita mara mbili. Kisha ikaja sauti ndogo, ndogo mno, sauti ya mtoto aliyekuwa akiita mama yake kutoka uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaikandamiza simu sikioni. "Marahaba, mwanangu."

"Mama, ni wewe kweli? Niko kwenye kitanda cha magurudumu. Wamenivalisha gauni la kijani. Nesi ananipima presha hapa, anasema imeshuka vizuri, nisijisumbue na lolote." Akavuta pumzi. "Hujambo, mama?"

Mwalimu Chediel alikuwa akitingisha kichwa kwa nguvu zote. Lukindo alikuwa ameinua kalamu. Na nataka mwelewe, wasomaji wangu, kwamba Bi Siwatu hakusahau. Wapo waliosema baadaye kwamba ulimi ulimteleza kama ulivyomteleza kinyozi, na mimi nasema hao ni waongo. Alikuwa na maneno yote mawili mdomoni, akayapima. Akamwona moyoni mtoto wake na lile gauni la kijani na nesi ameshika mpira wa presha.

"Sijambo, mwanangu," akasema. "Mzima wa afya."

"Mama wee," Mwalimu akasema, akafunika uso. Hata Lukindo, mtu wa serikali, alimtazama kwanza kabla hajaandika.

"Alhamdulillahi," Zamda akasema. "Na miguu ile? Ilikuwa inakuvimba."

"Imepona. Sina hata kidonda." La pili hilo.

"Unakula vizuri?"

"Nakula, nalala, nimenenepa. Sina ninapougua, Zamda." La tatu, la nne, na Lukindo anaandika. "Mwanangu, nisikilize, nina neno nataka kukwambia, lile neno..."

Lango likafunguliwa.

Kamanda Mbwiga alikisoma kikaratasi cha Lukindo akapiga mluzi wa masikitiko. "Mama, mama, mama," akasema kwa upole, "mbona umejiharibia hivi? Manne!" Akawapa vijana wake ishara. Rungu la kwanza likaupata mkono wa kushoto juu kidogo ya kiwiko, na mfupa ukakatika.

Bi Siwatu hakupiga kelele. Aliuma meno, na pumzi ikamtoka puani kwa kishindo.

"Mama? Nini hicho?"

"Sufi." Rungu la pili lilikuwa la bega la kulia, mfupa wa mtulinga ukaingia ndani. "Nina sufi hapa naipiga. Ina vumbi, nahema kidogo."

"Unapiga sufi saa hizi? Uko mzima kweli, mama?"

"Mzima! Nimekwambia mzima!"

"La tano," Lukindo akasema bila kuinua uso.

Goti la kulia likavunjika. Mnyororo ndio uliomzuia asianguke, ukamkata tumboni akabaki akining'inia kwenye nguzo namba kumi na saba, simu kaibana kati ya sikio na bega lililo zima. Rungu la kichwa likampasua, damu ikamshuka ikaingia jichoni. Mdomo hawakuugusa. Semeni mtakalo juu ya nchi hiyo, lakini sheria inafuatwa.

Kule upande wa pili kukawa kimya. Kimya kirefu, na ndani yake rungu jingine likashuka.

"Basi, mama," Zamda akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imetulia ghafla. "Sikuulizi tena. Nipe radhi haraka, uendelee na sufi yako."

"Nimekuwia radhi, Zamda."

Walimpiga kwenye mbavu.

"Nimekuwia radhi, mwanangu, lile neno nimelila mwenyewe. Duniani na akhera." Akatema, akakusanya pumzi iliyobaki, kwa maana radhi ni mara tatu, na mbili si kitu. Kamanda Mbwiga alikuwa amelivuta rungu nyuma kabisa. "Nimekuwia radhi. Nenda. Nenda, mama yako yuko hapa."

"Amina," Zamda akasema. "Nimesikia zote tatu."

Bega likalegea, simu ikaanguka kwenye kokoto. Hakuna aliyeikata. Ilikuwa marufuku.

*

Ndipo Bwana Lukindo akasogea na fomu yake, maana utaratibu ni utaratibu. Akachuchumaa karibu na ule uso uliovimba.

"Mama, huduma umeionaje? Nzuri, nzuri sana, au..."

"Andika," Bi Siwatu akasema.

Lukindo akaweka kalamu tayari.

"Andika kwamba wote kumi na wawili, na huyo kamanda wao, na wewe mwenye kalamu, siwawii radhi."

Mnajua, hawa vijana walikuwa wameshatukanwa matusi ya kila namna wakiwa kazini, wakaitwa mbwa, wakaombewa vifo na ndui, na jioni wakala ugali wao vizuri. Lakini hili lilikuwa jingine. Huyu alikuwa mwanamke wa umri wa mama zao, ametoka sasa hivi kulitamka neno hilo hilo mara tatu wakalisikia lilivyo zito, kisha akageuka akawanyima. Kijana mmoja akaliangusha rungu. Mwingine akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena.

"Mama," Kamanda Mbwiga akasema, na ule upole wake safari hii haukuwa wa kazini, "sisi tumetumwa tu."

"Najua mmetumwa."

"Basi tuwie radhi, mama yangu."

"Siwawii. Duniani na akhera."

Kamanda akapiga magoti kwenye kokoto. Wengine wakafuata mmoja mmoja, watu wazima na virungu vyao mapajani, wanambembeleza mama aliyefungwa kwenye nguzo ambaye hakuna aliyekumbuka kumfungua. Mwalimu Chediel ndiye aliyevuka kamba akafungua mnyororo, akapaza sauti wamletee machela. Akaiokota na simu.

*

Kikosi hakikufanya kazi tena siku hiyo. Alasiri Waziri Gwasuma mwenyewe akafika hospitali kuu ya taifa na msafara wake. Bi Siwatu alikuwa amelazwa kwenye benchi la mapokezi, lile lile la mwiba wa samaki, kwa sababu daktari alikuwa semina. Waokoaji walikuwa wamepiga magoti kumzunguka tangu asubuhi, na Mwalimu Chediel alikuwa akimpepea kwa fomu.

"Mama mpendwa," Waziri akaanza, leso mkononi, "taifa zima linakuomba. Usalama wa wasemaji milioni nane umesimama kwa sababu ya kinywa chako kimoja. Je, huo ni uzalendo?"

Bi Siwatu akamtazama kwa jicho lililokuwa bado linafunguka.

"Nimeandaa kanuni," Waziri akaendelea, akafungua karatasi. "Nimeisaini garini. Kanuni ya Radhi. Inasema, kila aliyeokolewa atawawia radhi waokoaji wake kwa sauti, mara tatu, siku hiyo hiyo. Asipofanya hivyo itahesabika kwamba uokoaji haujamwingia vizuri, naye ataokolewa upya mpaka atakaporidhika." Akaikunja. "Kwa hiyo ni sheria sasa, mama. Si mimi ninayekuomba."

Hapo simu ikalia mfukoni mwa Mwalimu. Ujumbe wa maandishi. Mwalimu akaona jina, akavaa miwani haraka.

"Ni Zamda?" Bi Siwatu akauliza, na kwa mara ya kwanza siku nzima sauti yake ikaogopa. "Mwalimu, ni yeye mwenyewe aliyeandika, au ni nesi?"

"Ni yeye."

"Soma, Mwalimu! Soma kwa sauti!" Waziri akasema, uso umemkunjuka. Alifikiri habari njema zitamlainisha mama wa watu, na mama akilainika atatoa.

Mwalimu akasoma. Mama, nimeamka. Wameutoa wote. Nilipokuwa naingizwa simu ilikuwa bado haijakatika, nesi aliniachia sikioni mpaka mlangoni. Nilijua si sufi, mama. Nimekua nikiisikia ukiipiga, naujua mlio wake. Nilinyamaza ili presha isipande, ili wewe usiumie bure. Niliwasikia pia wakikuomba. Mama, hao usiwawie.

Bi Siwatu alikuwa akilia waziwazi, kwa furaha na kwa maumivu, machozi yakimchanganyikia na damu, wala hakujifuta kwa kuwa hakuwa na mkono wa kujifutia. Ndipo akawageukia wale waliopiga magoti.

"Mmemsikia mwenyewe," akasema.

Kamanda Mbwiga akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Mwokoeni," Waziri akaamuru.

Hakuna aliyeinuka.

"Nasema mwokoeni upya huyu mama! Kanuni imeshasainiwa!" Akawatazama mmoja mmoja, wote kumi na watatu, na kila aliyetazamwa akatazama chini. Waziri akavuta pumzi kwa hasira. "Sawa. Leteni hilo rungu, nitafanya mwenyewe." Akalishika rungu la kijana wa karibu, akaliegemeza kwenye benchi, akaanza kuvua koti.

"Njoo, baba," Bi Siwatu akamwambia taratibu. "Lakini kwanza niambie. Mama yako bado yu hai, naye akilisikia hili atakuwia radhi?"

Waziri akabaki amesimama pale mbele ya benchi, mkono mmoja umeshatoka kwenye koti, mwingine uko ndani.